Daraja Lenye Paa Hudumu

Wakulima, shamba lisilo na daraja ni kama kisiwa. Mto ukijaa, maziwa huchacha ukingoni, na mgonjwa hungoja maji yapungue. Basi yafaa tujue ni kitu gani kinachoua daraja la mbao.

Tutazame Nairobi. Mto Motoine watoka upande wa Dagoretti, ilipo Kawangware, wapita Kibera na kuingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Kibera nayo ilikuwa nchi ya mashamba. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi wa K.A.R. walipewa makao hapo baada ya utumishi wao. Jina Kibra, kwa lugha yao, maana yake ni msitu. Leo mashamba yamekuwa nyumba, lakini vijito vingali vipo, na watu huvivuka kwa vidaraja vidogo. Mvua ya mwaka 2024 ilipoleta mafuriko jijini, Kibera haikusalimika.

Mafuriko huonekana. Adui wa pili haonekani, naye ni unyevu. Mbao zikilowa kila mara, kuvu huingia, na boriti huoza ndani huku juu yaonekana nzima. Ndiyo sababu mafundi wa zamani wa Uswisi na Marekani waliezeka madaraja yao kama nyumba. Paa hilo lilikuwa la kukinga boriti zaidi kuliko kumkinga mpitaji. Mjini Luzern, Uswisi, daraja la namna hiyo liitwalo Kapellbrücke lilijengwa karne ya 14. Sehemu yake kubwa iliungua mwaka 1993, ikatengenezwa upesi, na mwaka 1994 watu wakavuka tena.

Si lazima tuezeke daraja zima. Fanyeni hivi:

1. Funikeni kila boriti kwa ukanda wa bati, upana wake upite boriti kidogo, kabla ya kupigilia mbao.

2. Acheni nafasi ndogo kati ya mbao, maji yapite.

3. Ncha za boriti zilale juu ya mawe, zisilale juu ya udongo.

4. Ondoeni matope kila baada ya mvua.

5. Msilime mpaka ukingoni. Majani na miti hushika udongo.

Kazi hii ni ya wote wanaovuka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.