Bima ya hati Igawa: mnunuzi anunue karatasi au alipie upekuzi?

Na Mwandishi Wetu, Igawa

Msimu wa mavuno ukiisha, fedha ya mpunga hubadilika sura haraka katika bonde la Usangu. Nyingine huwa bati na saruji, nyingine huwa pikipiki, na ile ya wafanyabiashara waliotulia huwa ardhi. Hapa Igawa, mahali ambapo barabara kuu ya Tanzania na Zambia inavuka mto Mbarali, dalali wa viwanja hivi sasa anapata wateja karibu sawa na dalali wa mchele.

Mfanyabiashara mmoja wa mpunga ameuletea ukurasa huu swali. Ameonyeshwa vitu viwili: kiwanja kinachotazama barabara kuu, na shamba la ekari chache lenye majaruba upande wa Rujewa. Fedha anayo ya kimoja tu. Ndugu yake anayeishi Marekani amempigia simu na kumwonya asinunue chochote bila "bima ya hati". Anauliza bima hiyo ni kitu gani, inauzwa wapi, na kama inafaa kuingizwa katika hesabu yake.

Tuanze na kitu chenyewe. Bima ya gari inalipia ajali itakayotokea kesho. Bima ya hati inalipia ajali iliyokwisha kutokea zamani bila mnunuzi kujua: saini iliyoghushiwa, mrithi aliyefichwa, rehani ambayo haijafutwa, kiwanja kilichouzwa mara mbili. Ada hulipwa mara moja tu, siku ya kununua, na kinga hudumu muda wote mwenye mali anapoimiliki.

Chimbuko lake ni kesi. Mwaka 1868 Mahakama Kuu ya jimbo la Pennsylvania iliamua shauri la Watson na Muirhead. Mnunuzi alikuwa amemtegemea mtaalamu wa kuandaa hati, mtaalamu akadhani deni fulani si mzigo juu ya ardhi, kumbe ni mzigo. Mnunuzi akapata hasara, na mahakama ikasema mtaalamu hawajibiki kwa kuwa hakufanya uzembe. Wafanyabiashara wa Philadelphia wakaona pengo, na mwaka 1876 ikaanzishwa kampuni ya kwanza ya kuziba pengo hilo kwa ada. Kule kumbukumbu za ardhi ni mrundikano wa nyaraka katika ofisi za wilaya. Serikali inazitunza lakini haisemi nani hasa ndiye mwenye mali. Ndiyo maana bima hiyo ilistawi.

Koloni la Australia ya Kusini lilikuwa limefuata njia nyingine tangu 1858, njia ya Robert Torrens: serikali yenyewe inaweka daftari, na jina lililomo katika daftari ndilo jina la mwenye mali. Daftari la namna hiyo likiwa safi, kazi inayobaki kwa mwenye bima ni ndogo. Tanganyika ilipata sheria yake ya usajili wa hati mwaka 1953, na inaelekea upande huo wa daftari. Hii ni sababu moja ya wakala wa bima mjini Mbeya kukuuzia bima ya lori, ya moto na ya mzigo, lakini bima ya hati haimo katika biashara yake ya kila siku.

Sababu ya pili ni nzito zaidi kwa msomaji wa Igawa. Bima ya hati inahitaji hati. Sehemu kubwa ya ardhi inayobadilishana mikono katika vijiji vya Mbarali haina hati iliyosajiliwa. Ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 iliyoanza kutumika Mei 2001, na haki iliyopo ni ya kimila, yenye cheti au isiyo na cheti. Mwenye bima akiombwa aikinge haki hiyo atauliza imeandikwa wapi, na jibu mara nyingi litakuwa daftari la mtendaji na kumbukumbu za wazee.

Mwandishi wa safu hii alisomea biashara, kwa hiyo aliona vema kupiga hesabu. Tuchukulie shamba lina bei ya shilingi milioni 30. Marekani ada ya bima ya hati kwa kawaida huwa kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya bei, yaani kwa shamba letu shilingi 150,000 hadi 300,000. Sasa tazama fedha hiyo inakwenda wapi. Kampuni za huko, kwa miaka mingi, zimelipa madai yanayofikia karibu asilimia 5 tu ya ada zinazokusanya. Katika bima ya gari madai hula zaidi ya nusu ya ada. Kiasi kikubwa cha ada ya hati huishia katika upekuzi wa nyaraka, kusahihisha kasoro kabla ya mauzo, na kamisheni ya mawakala. Kwa lugha ya duka, mteja wa Marekani ananunua upekuzi, na bima anaongezewa kama nyongeza ya dukani. Mnunuzi wa Igawa hawezi kuipata nyongeza, lakini upekuzi anaweza kuulipia mwenyewe.

Upekuzi huo unaanzia kwenye swali la aina ya ardhi. Kiwanja kilichopimwa chenye hati hupekuliwa kwa msajili wa hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa, Mbeya. Unapeleka namba ya hati, unalipa ada, unapewa jibu la maandishi: jina la mmiliki, rehani kama ipo, zuio kama lipo. Nakala ya hati anayokuonyesha muuzaji haitoshi hata kama ina mhuri unaong'aa. Jibu la msajili ndilo la kuaminiwa, na liombwe karibu na siku ya kulipa, maana rehani inaweza kuandikwa kati ya mwezi wa upekuzi na mwezi wa fedha.

Kwa ardhi ya kijiji hakuna daftari la Mbeya la kutazama. Hapo lazima halmashauri ya kijiji ikae na kuridhia, hasa pale mnunuzi anapotoka nje ya kijiji, na kikao kiwe na muhtasari. Mahakama zetu, hadi ya Rufani, zimekwisha kusema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili. Mwenyekiti akiweka saini peke yake chini ya mwembe, hiyo ni saini ya mwenyekiti, si idhini ya halmashauri. Ile "asilimia kumi" inayodaiwa kila ardhi inapouzwa ni mazoea. Ukiilipa umepata stakabadhi, pengine hata hiyo hukupata, na miliki yako haijaongezeka hata hatua moja.

Halafu familia. Madalali hawapendi kuulizwa juu ya familia, kwa sababu swali hilo huchelewesha kamisheni. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na shamba la marehemu haliuzwi na mtoto mkubwa kwa kuwa ni mkubwa, huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua ya uteuzi mkononi. Aidha, mwenye madai ya ardhi ana miaka 12 ya kwenda mahakamani. Mtoto wa marehemu aliyekuwa Tunduma akitafuta maisha anaweza kurudi mwaka wa tisa na kukuta umejenga ghala, na sheria bado itamsikiliza.

Je, hata hati safi ya serikali inatosha? Wilaya hii hii ya Mbarali ina mfano ambao kila mwekezaji mdogo angepaswa kuujua. Mwaka 2006, katika wimbi la ubinafsishaji, shamba la mpunga la Kapunga lililokuwa la shirika la umma la NAFCO liliuzwa kwa kampuni binafsi. Hati ilikuwa ya hekta 7,370. Shamba lenyewe lilikuwa hekta 5,500. Hekta 1,870 zilizozidi zilikuwa kijiji cha Kapunga: nyumba, mashamba na watu wake. Muuzaji alikuwa serikali na hati ilikuwa halali kwa sura, hata hivyo mnunuzi alijikuta amenunua kijiji, na wanakijiji wakajikuta wamo ndani ya mali ya mtu. Mgogoro huo uliendelea kwa miaka. Mtu mmoja mwenye ramani ya hati mkononi, akitembea mpakani na wazee wa kijiji kwa siku mbili, angeliona kosa lile kabla ya fedha kutoka.

Majirani zetu wa Kenya wamejifunza somo la aina hiyo kortini. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua shauri la kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha pwani huko Nyali. Kampuni ilikuwa na hati na ilikuwa imenunua kwa fedha yake. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi. Ni lazima mzizi wake uwe halali, na kama ardhi ya umma iligawiwa kinyume cha sheria hapo mwanzo, mnunuzi wa baadaye hakingwi na karatasi.

Turudi sasa kwa mteja wetu na vitu vyake viwili.

Kiwanja cha barabarani kinavutia. Malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na serikali ina mpango wa kuipanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilometa 218. Kipande cha Nsalaga hadi Ifisi katika jiji la Mbeya ndicho kilichotangulia kujengwa. Hapo hapo ndipo penye mtego. Kwa sheria ya zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa meta 22.5 kutoka katikati ya barabara kila upande. Sheria ya Barabara ya 2007 iliifanya meta 30. Wenye nyumba kando ya barabara zetu wanaijua tofauti hiyo kwa rangi: alama ya X nyekundu ni ya aliyeifuata barabara, hana fidia, ya kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, atalipwa siku eneo litakapochukuliwa. Kiwanja alichoonyeshwa mteja wetu kinaanzia, kwa hatua za miguu, kama meta 25 kutoka katikati ya lami. Meta tano za mbele, yaani zile zenye biashara, zimo ndani ya hifadhi. Hata bima ya kule Marekani kwa kawaida haimlipi mtu kwa ardhi iliyotwaliwa na serikali kwa mamlaka yake ya kisheria. Mtu wa kuulizwa hapa ni TANROADS, kabla ya dalali.

Shamba la majaruba lina maswali mengine. La kwanza ni ramani. Mwaka 2008 mipaka ya Hifadhi ya Taifa Ruaha ilipanuliwa kuingia Usangu, na vijiji kadhaa vya Mbarali vikajikuta upande usiotakiwa wa mstari. Oktoba 2023 tangazo jingine la serikali, Na. 754, likaurekebisha mstari huo. Shamba la bei nafuu sana kuelekea bondeni lisinunuliwe kabla ya kuuliza ofisi ya ardhi ya wilaya, Rujewa, liko upande gani. Shamba la mteja wetu liko karibu na barabara, mbali na mstari, lakini swali ni la bure.

La pili ni maji. Msomaji wa mjini anaweza kudhani mfereji ukipita shambani maji ni ya shamba. Sivyo. Maji ya mto Mbarali hutumiwa kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na kwa wakulima wadogo mara nyingi kibali ni cha jumuiya ya watumia maji, si cha mtu. Ukinunua majaruba kwa muuzaji ambaye si mwanachama, au aliyefungiwa zamu kwa kutolipa mchango, umenunua ardhi ya kulima mahindi kwa bei ya ardhi ya mpunga. Hakuna hati wala bima inayolisema hilo. Linasemwa na katibu wa jumuiya, ukimwuliza kwa adabu.

Ushauri wetu kwake ulikuwa wa kibiashara. Zile shilingi 150,000 hadi 300,000 azitenge kwa wakili wa kuandika mkataba, nauli za Rujewa na kikao cha halmashauri ya kijiji, na kutembea mpakani na majirani wote wanne, kila mmoja akiweka saini kwenye mchoro. Kisha asilipe kwa mkupuo. Asilimia 10 siku ya mkataba, sehemu kubwa baada ya muhtasari wa kijiji na ridhaa ya mke wa muuzaji, na kiasi cha mwisho kibaki kwa wakili hadi msimu mmoja upite na maji yaingie shambani. Fedha inayobaki kwa wakili ndiyo bima pekee anayoweza kuipata, na haimgharimu ada.

Muuzaji ameyakubali masharti yote isipokuwa la msimu mmoja. Anataka fedha yake yote kabla ya mvua za Desemba. Mteja wetu amekwenda Rujewa kuuliza kwa nini.