Sanduku la Spana la Marehemu Lisipimwe kwa Kilo

Fundi wa magari anapofariki dunia, warithi huhesabu nyumba, shamba, ng'ombe na fedha. Sanduku lake la spana husahauliwa pembeni mwa ua, hata siku moja apite mnunuzi wa vyuma chakavu na kulibeba kwa bei ya kilo. Hapa Singida, mji unaopitiwa na malori yatokayo Dodoma kuelekea Nzega na Mwanza, na wenye mashine nyingi za kukamua alizeti, masanduku ya namna hiyo si machache. Ndani yake mara nyingi mna soketi za zamani, ambazo baadhi ya mafundi huziita boksi, zinazofaa kazi hata leo.

Kisheria, hiyo ni tirka. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia usiozidi thuluthi, kilichobaki ni haki ya warithi, kiwe kidogo au kingi. Wakiwamo yatima, jambo huwa zito zaidi, kwani Surat An-Nisaa, aya ya 10, imetoa onyo la moto kwa wanaokula mali yao kwa dhulma. Na asiyejua thamani ya kitu hawezi kukigawa kwa uadilifu.

Kuzitambua

Kwanza tazama maandishi yaliyogongwa ubavuni. Majina kama Britool na King Dick ni ya Uingereza. Gedore na Stahlwille ni ya Ujerumani. Snap-on ni ya Marekani. Chombo kilichoandikwa kuwa kimetengenezwa Ujerumani Magharibi kwa kawaida ni cha kabla ya nchi hiyo kuungana mwaka 1990.

Kisha soma kipimo. Namba kama 13 au 19 ni milimita. Namba yenye herufi A/F ni inchi, nayo hupima upana wa nati kutoka ubapa hadi ubapa: 1/2 A/F ni milimita 12.7. Yenye herufi W au BSF ndiyo inayowachanganya wengi. W ni Whitworth, jina la mhandisi Mwingereza aliyependekeza mwaka 1841 kipimo kimoja cha bolti na nati. Hapo namba hutaja unene wa bolti, si upana wa nati. Hivyo 3/8 W ina mdomo wa takriban milimita 18, ilhali 3/8 A/F haifiki hata 10. Soketi hizi zaweza kuonekana hazina kazi, lakini mwenye Land Rover ya miaka ya mwanzo au injini kuukuu ya Lister ya kusagia nafaka huzitafuta kwa shida.

Kabla ya kusafisha, angalia alama za rangi au herufi zilizochorwa. Mafundi huazimana vyombo, na kila mmoja hutia alama yake. Chenye alama ngeni huenda ni amana. Waulizeni wenzake wa gereji, kirudi kwa mwenyewe kabla ya mgao.

Kuzisafisha

Loweka soketi katika mafuta ya taa, mbali na moto, kisha sugua kwa brashi. Zenye kutu nzito ziwekwe katika siki usiku mmoja tu, zisuguliwe, zioshwe kwa maji ya sabuni, zikaushwe juani na kupakwa oili nyepesi. Racheti isitiwe kwenye siki, kwa kuwa ndani ina springi na meno madogo. Ifunguliwe, isafishwe na kutiwa grisi. Zilizobambuka kromu zishikwe kwa glovu, maana magamba yake hukata. Vyombo vya zamani visisuguliwe kwa msasa mkavu wala kuchomwa moto. Baadhi vilipakwa kadimiamu, ambayo vumbi na moshi wake ni sumu.

Kuzitumia na kuziuza

Kijana akirithi kazi ya baba yake, azingatie kwamba soketi yenye pembe 6 hushika nati iliyochakaa vizuri kuliko yenye pembe 12. Asilazimishe ya inchi kwenye nati ya milimita; 3/4 A/F na 19 zinakaribiana sana, lakini 1/2 A/F na 13 zina pengo la kutosha kuharibu. Soketi ya kromu isitumike kwenye mashine ya upepo ya kufungulia nati, kwani yaweza kupasuka na kurusha vipande usoni.

Zikiuzwa, fundi muaminifu azikague na kuzikadiria moja moja. Iliyo na ufa itengwe, wala kasoro isifichwe kwa oili na rangi. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni na kukuta unyevu chini, alimtaka muuzaji auweke juu ili watu wauone. Hukumu ya chuma ni hiyo hiyo.

Basi familia itakayofikwa na msiba wa fundi iandike orodha ya sanduku lake kama inavyoandika ng'ombe na mashamba, na iisome mbele ya warithi wote, wakiwamo wajane na mabinti. Wabillahi tawfiq.