Utaratibu wa Darasa Katika Msimu wa Mpunga

Mpunga unapochanua katika bonde la Kilombero, ndege nao hawachelewi. Familia nyingi za Ifakara na vijiji jirani huwa zimekwishahamia mashambani, na watoto wana kazi ya kuamia: wanakaa dunguni tangu alfajiri wakifukuza kwelea kwelea. Katika daftari la mahudhurio, hao ni watoro. Baada ya wiki kadhaa wanarudi, na masomo yameshasonga. Mimi napima utaratibu wa darasa kwa mtoto huyo. Akiingia asubuhi hiyo, anajua aketi wapi, aanze na nini, amuulize nani? Au lazima akaripiwe kwanza ndipo ajue?

Nidhamu ikitajwa shuleni, mazungumzo huishia kwenye fimbo. Kanuni za mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu zinaruhusu viboko visivyozidi 4, tena kwa kosa kubwa, na anayechapa awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Kila adhabu inapaswa kuandikwa kitabuni. Aliyesoma shule ya msingi nchini anajua jinsi asubuhi ya kawaida ya paredi ilivyo mbali na maandishi hayo. Lakini hata tukiliweka kando suala la sheria, na lisiwekwe kwa muda mrefu kwa kuwa ni miili ya watoto tunayoizungumzia, fimbo haileti kile inachosifiwa. Hutuliza darasa mwalimu akiwapo. Akienda ofisini, kelele zinarudi.

Hapo ndipo monita anaposhika chaki kuandika wapiga kelele. Desturi hii tumeizoea mno, hatuitazami tena. Mtoto wa miaka 11 anapewa mamlaka ya kuwashtaki wenzake bila kuelezwa kelele ni nini. Kuazima kifutio ni kelele? Kumweleza jirani swali ambalo hakulielewa? Rafiki hufutwa, mgomvi huongezewa alama. Mwalimu anarudi, orodha inasomwa, adhabu zinatolewa, na kipindi cha dakika 40 kimeshamegwa vibaya. Hakuna aliyefundishwa namna ya kufanya kazi mwalimu asipokuwapo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo tangu mwanzo.

Walimu wana sababu za kuchoka. Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 watoto walifurika, na madarasa mengi nchini yamepita kiwango cha wizara cha wanafunzi 45. Chumba cha watoto 80 hakitawaliki kwa sauti. Kwa hiyo mambo madogo yanayojirudia yana thamani zaidi huko kuliko katika darasa dogo la shule ya kulipia. Zoezi fupi liwe ubaoni kabla watoto hawajaingia, kila siku. Madaftari yagawiwe na kiongozi wa kila safu. Yakigawiwa kwa kuita jina mojamoja, dakika 10 zikipotea ni robo ya kipindi. Ruhusa ya kwenda chooni iombwe kwa ishara ya mkono isiyokatiza somo. Haya yafundishwe kama hesabu: mwalimu aoneshe, watoto wajaribu, warudie, katika wiki za kwanza za Januari, na tena kila kundi linaporudi kutoka mashambani. Sioni hasara yoyote katika kutumia kipindi kizima kujifunza kuingia darasani.

Shule nzima inaweza kubadilika. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi ziliingizwa katika utafiti wa mpango wa shirika la Raising Voices, unaowashirikisha walimu, wanafunzi na uongozi katika kurekebisha mwenendo wa shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika shule zilizopata mpango huo, wanafunzi 31 katika kila 100 walisema watumishi wa shule waliwafanyia ukatili wa kimwili wiki iliyotangulia. Katika shule nyingine walikuwa 49. Hata 31 ni wengi mno, lakini tofauti hiyo ni watoto halisi. Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shule yao.

Bonde lina madai yake pia. Wakati wa masika njia hujaa maji, na mtoto aliyevuka tope hawezi kufika sawa na anayelala jirani na shule. Kumpigisha magoti getini hadi kipindi cha kwanza kiishe ni kumnyima kile alichokifuata. Aingie kimya, aketi karibu na mlango, aanze zoezi lililo ubaoni. Sababu ataulizwa wakati wa mapumziko, na mzazi aitwe ikibidi.

Kigumu kuliko vyote ni walimu wenyewe kukubaliana. Wa Hisabati akiruhusu watoto wajadiliane wawiliwawili, na wa Kiswahili akawachapa kwa hilohilo, watoto watajifunza tabia za walimu, si kanuni. Kikao cha kufungua muhula hugawa vipindi na zamu. Kitengewe pia muda wa swali linalokwepwa: mtoto akivunja utaratibu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila mwalimu atafanya nini bila fimbo? Jibu liandikwe, libandikwe ofisini na madarasani, na mkuu wa shule awe wa kwanza kulifuata, pamoja na kuingia darasani kengele inapolia.