Lubumbashi: Makumbusho yanayosikiliza wenyeji

Mashini ya kushona ya mama, pasi ya makaa, baiskeli ambayo baba alinunua wakati akifanya kazi Union Minière. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, vitu kama hivi viko bado. Watoto wanaviona kila siku, lakini habari zake wanaozijua ni wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja.

Mwaka 2000, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) walianzisha kazi iliyoitwa Mémoires de Lubumbashi. Kati ya walioiongoza ni Donatien Dibwe dia Mwembu, mtafiti wa maisha ya wafanyakazi wa migodi, na Bogumil Jewsiewicki wa chuo kikuu cha Laval, huko Canada. Onyesho lao lilichukua jina la Kiswahili: Ukumbusho.

Makumbusho ya Lubumbashi yalianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, yakapewa jina la mfalme Leopold wa Pili. Yalijulikana zaidi kwa vitu vya kale vilivyochimbwa udongoni na vitu vya desturi za vijijini. Mtaalamu ndiye aliyeandika maelezo kwenye kibao, mgeni akasoma na kupita. Maisha ya kambi za wafanyakazi, yaliyojenga mji huu tangu 1910, yalibaki nje ya mlango.

Ukumbusho ulifungua mlango huo. Vitu vya familia, picha za wachoraji wa mji na maneno ya wakaaji wenyewe viliwekwa pamoja. Mgeni aliyekuja kutazama aliweza kutambua maisha ya nyumbani kwake, na kuongeza lake.

Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mtafiti anajua kuuliza na kulinganisha miaka. Mfanyakazi wa makumbusho anajua kulinda kitu kisiharibike, na anajua mahali wageni wanaposimama na mahali wanapopita haraka. Mchoraji anatoa sura ya jambo ambalo halikupigwa picha. Mwenye kitu anajua kwa nini hakukiuza hata wakati wa njaa. Akikosekana mmoja wao, onyesho linachechemea.

Huko Marekani, makumbusho ya Exploratorium, yaliyofunguliwa San Francisco mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer, yamejulikana kwa kumwacha mgeni aguse na ajaribu mwenyewe. Mafundi wanatengeneza kifaa cha majaribio, wanawatazama wageni wakikitumia, kisha wanakirekebisha. Lubumbashi haihitaji mashini za bei kali ili kufuata njia hiyo. Kiti, redio ya kurekodi na mtu mwenye uvumilivu wa kusikiliza vinatosha kwa kuanza.

Lakini kuna swali la nani anabaki na matunda. Katika miaka ya 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi katika picha zaidi ya 100, akizieleza kwa Kiswahili cha Lubumbashi mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Ushirikiano huo ulizaa kitabu kinachosomwa duniani kote. Picha zenyewe ziliishia Amsterdam, kwenye Tropenmuseum. Mtoto wa Lubumbashi anayetaka kuziona anahitaji viza.

Ndiyo sababu mapatano yanafaa kufanywa mapema: kitu kinaazimwa au kinatolewa moja kwa moja? Sauti ya mzee itahifadhiwa wapi, na wajukuu wake wataisikiliza namna gani?

Muda si mwingi. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliondoka Gécamines katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule amepita 70 leo. Baiskeli yake inaweza kungoja makumbusho miaka mingine mingi. Yeye hawezi.