Uharamia au Kunakili? Mwanafunzi na Programu za Kompyuta
Neno uharamia, litumiwapo kwa programu za kompyuta zinazonakiliwa bila leseni, humkumbusha msikilizaji unyang'anyi wa baharini. Na achukuliwe mfano wa mwanafunzi wa chuo kikuu atokaye Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira. Leseni nyingi hupangiwa bei kwa dola. Yeye husoma kwa mkopo wa shilingi. Huikuta programu kwa rafiki, akainakili, wala hajioni haramia, kwani mwenye programu hakupokonywa kitu. Husema "nimenakili", tamko lile lile alitumialo kwa maelezo ya ubaoni. Basi uhaba wa fedha humsukuma, na lugha humtuliza.

Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda programu kama ilindavyo kitabu. Mtungaji wake hapotezi kitu, bali ujira. Kiswahili kina usemi uufaao upotevu huo: kula jasho la mwenzio. Aidha, si kila kunakili ni kosa: Jambo OpenOffice, programu ya Kiswahili iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004, iliruhusiwa kunakiliwa. Mwalimu aanzaye na jasho ataeleweka kuliko aanzaye na haramia.