Habari za Kweli na Habari za Kuuza (2): Finehasi Alivuka Mto

Muuza magazeti wa kituo ninachoshukia daladala hutandika turubai chini, akapanga magazeti yake na kuyakandamiza kwa mawe yasipeperuke. Ikifika saa moja asubuhi watu kama kumi na tano wamekwisha kumzunguka, mikono nyuma, shingo zimeinama. Wanunuzi hawafiki watatu. Wengine husoma vichwa vya habari, wakaguna au wakacheka, kisha wakakimbilia gari. “Hapa si maktaba,” hulalamika, lakini hawafukuzi. Anajua kundi likiwa kubwa na mpita njia naye atasimama.

Asubuhi moja kichwa chekundu kilichojaa nusu ukurasa kiliuliza: mchungaji anaswa na sadaka? Nikanunua. Ukurasa wa tatu, aya ya sita, ndipo nikakuta kwamba anayeshikiliwa ni mtunza hazina wa usharika, na kwamba mchungaji ndiye aliyekwenda polisi kutoa taarifa. Kwa hiyo gazeti halikudanganya, kwa maana ile ya wanasheria: liliuliza tu. Wale kumi na tano, hata hivyo, waliondoka bila aya ya sita. Walikwenda nacho kile kichwa mpaka ofisini, sokoni na saluni, na Jumapili kikaingia kanisani kupitia mlango wa nyuma. Katika habari yote sikuona mstari mmoja unaoonyesha kuwa mwandishi alimpigia mchungaji simu.

Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo (sisi Walutheri na Wakatoliki twaihesabu ya nane, Waanglikana ya tisa) wengi huidhani ni ya kizimbani tu. Katekisimo Ndogo ya Luther, ambayo tulikaririshwa tulipojiandaa kwa kipaimara, haikuiachia hapo. Inataka pia tusimsengenye jirani, tena tumtetee na kulichukua jambo lake kwa upande ulio mwema kadiri inavyowezekana. Ukiipima kwa kipimo hicho, alama ya kuuliza ya yule mhariri haimwokoi.

Biblia ina kisa kimoja ambacho kingefaa kufundishwa katika kila chuo cha uandishi wa habari, na sijui kwa nini kinahubiriwa mara chache. Kimo katika Yoshua, sura ya 22. Makabila ya Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, yaliyopewa nchi ng'ambo ya Yordani, yamejenga madhabahu kubwa karibu na mto. Habari zikawafikia wenzao wa upande wa pili: wale wamejitenga, wamemwasi Mungu. Habari yenyewe ilikuwa na kila kitu cha kuuza gazeti. Kulikuwa na dini, usaliti na jengo kubwa la kupigwa picha. Israeli wakakusanyika Shilo tayari kwa vita.

Lakini kabla ya kutoa panga walimtuma kuhani Finehasi pamoja na wakuu kumi, mmoja kutoka kila kabila. Wakavuka mto, wakafika Gileadi, wakayasema mashtaka yao mbele ya washtakiwa wenyewe, kisha wakasikiliza. Jibu likawa jingine kabisa: madhabahu ile si ya kutolea sadaka. Ni ushahidi, ili siku moja watoto wa upande ule wasije wakawaambia watoto wa upande huu kwamba hawana fungu kwa Bwana. Finehasi akarudi na habari hiyo, na vita ikaisha kabla ya kuanza. Na huyu ndiye Finehasi yule wa Hesabu 25, mtu wa mkuki, ambaye huko nyuma aliua bila kumuuliza mtu swali lolote. Hata mwenye hasira anaweza kujifunza kazi hii ya kwenda kuuliza.

Sasa nije nyumbani, na nianze na sisi watu wa kanisa. Mwaka 2011 Tanzania nzima ilikuwa inaangalia kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa kanisa letu la Kilutheri, KKKT, Ambilikile Masapila, aliyeitwa Babu, alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, akisema Mungu amemwonyesha kuwa inatibu magonjwa sugu, UKIMWI na kisukari yakiwamo. Foleni ya magari ilikwenda kilometa kwa kilometa. Viongozi wakubwa walikwenda, na wakuu wa kanisa wakamtetea. Kila asubuhi pale kituoni, vichwa vilikuwa vya Babu.

Nisiwaonee waandishi: wengi walivuka mto. Waliofika Samunge ndio waliotujulisha kuhusu nauli zilizopanda, uhaba wa maji na vyoo, na wagonjwa waliofia njiani wakisubiri zamu. Hiyo ilikuwa kazi safi. Lakini mara nyingi kilichopewa ukurasa wa mbele kilikuwa ushuhuda wa aliyekunywa jana na leo anajisikia nafuu. Swali ambalo mwandishi angelibeba kwa miezi mitatu, la kumrudia mtu yuleyule akiwa na majibu ya maabara, halikuwa na haraka ya kuuza. Na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Sisi wa mimbarani hatukulidai jibu hilo, kwa sababu tulizoea kupigia makofi ushuhuda kabla haujakaa.

Magazeti ya Kiswahili hayakuanza hivyo. Mwaka 1888 wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walitoa *Msimulizi* kutoka Kiungani, Unguja, nalo likabeba habari za vituo vyao vya pwani na bara. Lilikuwa na upendeleo wake, kama gazeti lolote la misheni. Lakini aliyeandika kutoka kituoni aliishi palepale, na akikosea jina la mtu, kesho atakutana naye njiani.

Mrithi wake leo ni mwandishi wa mkoani, yule asiye na ajira, anayelipwa kwa habari iliyotoka na si kwa siku aliyoshinda juani. Akiandika kuhusu kisima kilichokauka, mhariri wa Dar es Salaam anaweza kuiweka kapuni. Akiandika kuhusu fumanizi, inatoka kesho. Pamoja na hayo wapo wanaokwenda. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa *Mwananchi*, aliripoti mauaji ya Kibiti wakati watu wengi waliogopa hata kulitaja jina la wilaya hiyo. Alitoweka Novemba 2017 na hajaonekana tena. Kanisani huwa tunawaombea wasafiri, wagonjwa na watawala. Sikumbuki Jumapili tuliyomwombea mwandishi wa habari wa wilayani.

Juma lijalo nitaandika kuhusu bahasha, ile ambayo mwandishi hupewa “ya nauli” semina ikiisha. Nitaanza na moja niliyoipokea mwenyewe.