Profesa Masanja: Kutoka Jangwani hadi hesabu za vimiminika

SHULE ya Sekondari ya Wasichana ya Jangwani haiko mbali na msongamano wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Hapo ndipo aliposoma Profesa Verdiana Masanja, mzaliwa wa Bukoba mwaka 1954, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kutunukiwa shahada ya uzamivu katika hisabati.

Alianza masomo ya hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, na mwaka 1981 akapata shahada ya uzamili. Kisha alikwenda Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, ambako alipata uzamili mwingine, safari hii wa fizikia, na hatimaye uzamivu.

Wengi hudhani kuwa hisabati ya ngazi hiyo haina uhusiano na maisha ya kawaida. Si kweli. Fani yake ni mwendo wa vimiminika ndani ya mabomba, na yeyote aliyewahi kununua kopo la rangi Kariakoo ana pa kuanzia.

Maji, yakorogwe taratibu au kwa nguvu, mnato wake haubadiliki. Hiyo ndiyo kanuni ya Isaac Newton. Rangi haiifuati. Ikisukumwa na brashi huwa nyepesi, ikiachwa ukutani huwa nzito tena, ndiyo maana haichuruziki ovyo. Damu nayo hulegea inapokwenda kasi.

Ugumu unaanzia hapo. Mnato ukibadilika kwa kadiri ya mwendo, na mwendo wenyewe ukitegemea mnato, milinganyo haifumbuki kwa kalamu na karatasi ila katika hali chache. Mtafiti hulazimika kuligawa bomba katika vipande vidogo na kuvikokotoa kwa kompyuta, akilikaribia jibu hatua kwa hatua. Tasnifu yake ya Berlin ilikuwa ya aina hiyo. Mhandisi anayechagua pampu ya kimiminika kama hicho kwa kanuni ya maji anaweza kukosea vibaya.

Profesa Masanja alifundisha Dar es Salaam, kisha Rwanda, na baadaye katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Katika Umoja wa Wanahisabati wa Afrika alipata kuwa makamu wa rais kwa kanda ya Afrika Mashariki.

Pamoja na hayo, aliratibu nchini FEMSA, mradi wa miaka ya 1990 uliochunguza kwa nini wasichana wengi wa shule za msingi na sekondari barani Afrika waliyakimbia masomo ya hisabati na sayansi.